Nisizikwe Kabla Sijatukanwa

Programu ilikataa neno la nne.

Vitalina Kihwele alikuwa amekaa mbele ya maiki, mguu wa kulia umefungwa hogo kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, ameunyoosha juu ya kreti ya soda. Mimi nilisimama pembeni yake na kishikwambi mkononi. Nilibonyeza rekodi, nikamwashiria kwa kidevu. Akavuta pumzi.

"Osmund Gama, Mngoni mwoga..."

Kioo kikawa chekundu. Sauti ya kike, tulivu kama ya nesi anayekuambia sindano haiumi, ikatoka kwenye kishikwambi.

"Kauli ina dalili ya dharau kwa misingi ya kabila. Rekodi imesimamishwa."

"Mwambie anyamaze," Vitalina alisema. "Sijamtukana yeye."

"Hanyamazi, dada."

"Basi mwambie huyo niliyemtukana amekufa. Yuko mochwari Songea tangu juzi. Atachukia na nini?"

Nilibonyeza rekodi tena. Akaanza upya, safari hii kwa kumzunguka: babu yake Osmund alivyotupa ngao vitani akakimbia, na bibi yake Vitalina alivyoiokota ngao ile akafunikia chungu cha maharage. Ikapita sentensi moja nzima, nikadhani tumepona. Kisha nyekundu. "Kauli inadhalilisha historia ya kundi la watu."

"Yale maharage yaliiva vizuri," Vitalina aliiambia programu. "Ulizia."

Nieleze hapa, maana asiyetoka kwetu anaweza kudhani huyu mama ana kichaa. Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakaamua kwamba badala ya mikuki watarushiana maneno, na anayekasirika ndiye mjinga. Mtani akifiwa unakwenda kumcheka. Akifa yeye unakwenda kumtukana mbele ya watoto wake, na watoto wake wanacheka huku wanalia, na ndipo wanajua kwamba baba yao alikuwa mtu kati ya watu.

Vitalina Mhehe na Osmund Mngoni waliimba pamoja miaka thelathini na moja kwenye bendi ya Njia Panda, hapa Makambako. Yeye sauti, Osmund gitaa na maneno machafu. Watu hawakuja kucheza, walikuja kuwasikia wakitukanana kati ya wimbo na wimbo. Mwezi uliopita Vitalina aliteleza bafuni akavunja paja. Jumatano Osmund akafa kwa moyo, kwao, nje ya Songea. Mjane wake Kandida alinipigia siku hiyohiyo.

"Fundi, ameacha neno moja tu. Amesema, nisizikwe kabla Vitalina hajanitukana."

"Vitalina hawezi hata kupanda kitanda, shemeji."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Alikuwa ameshajaribu simu. Lakini simu nazo hupitisha kila neno kwenye chujio, na chujio lilimkata Vitalina kwenye neno la pili. Mazishi yalikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilipaswa kurekodi dakika tano za matusi, zipate muhuri, zipigwe kwa spika kaburini. Kazi ya nusu saa. Hadi saa tano ya Ijumaa ile tulikuwa na maneno matatu: Osmund, Gama, Mngoni.

Mashine yenyewe ya kurekodi iko chumba cha nyuma, kwenye kabati la chuma lenye feni. Haina hata kitufe kimoja. Kila kitu kiko kwenye kishikwambi: kurekodi, kusimamisha, kupandisha gitaa, kushusha ngoma, kukata kikohozi. Zamani, nilipokuwa nafagia studio za watu baada ya kuacha shule darasa la sita, fundi alikaa nyuma ya kioo kama samaki. Leo unasimama uso kwa uso na mwimbaji. Kwa hilo nawashukuru waliotengeneza. Ila ukiweka funguo zote kwenye kitu kimoja, anayekimiliki kitu hicho ndiye mwenye nyumba. Na huyo si mimi, ni Mamlaka ya Sauti. Sauti ikikamilika unabonyeza Funga, programu inaipima, ikiridhika inaipa muhuri. Sauti isiyo na muhuri hakuna spika itakayoitoa nchi hii. Unaweza kuipiga spika teke, haitatoa.

"Kuna pendekezo," programu ilisema. "Umbo la Staha limeandaliwa kwa sauti ya mwimbaji. Sikiliza?"

Nilibonyeza kabla Vitalina hajanikataza. Sauti yake ikatoka, ile sauti yake nzito yenye mchanga chini, kila pumzi mahali pake.

"Osmund Gama, rafiki mpendwa, mwana wa kabila lenye historia ya kujivunia. Pumzika kwa amani."

Vitalina aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Huyo mwanamke ni nani?"

"Ni wewe."

"Mligo, huyo akienda kaburini kesho Osmund atafufuka amfukuze."

"Kuna njia nyingine. Naweza kuandika kwamba ni mchezo wa kuigiza. Michezo inaruhusiwa kutukana."

"Mimi siigizi. Namtukana kweli."

Niliifuta ile sauti. Lazima niseme na hili, maana nikilificha nitakuwa mwongo: sheria ile mimi niliipigia makofi. Miaka kumi na minne iliyopita mtu mmoja alikaa mahali na mashine yake akatengeneza sauti ya diwani wetu akiwatukana watu wa upande wa pili wa reli. Ilisambaa asubuhi. Mchana soko lilikuwa linaungua. Mdogo wangu Yeremia aliuza viatu vya mitumba pale sokoni, na tulimtambua kwa mkanda. Diwani hakuwahi kusema lile neno. Hata koo lililolitamka halikuwepo. Kwa hiyo sheria ilipokuja, fundi wa kwanza kufunga programu ile Makambako nilikuwa mimi, na sijawahi kuizunguka hata siku moja. Wenzangu wananiita Padri.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mwanamke mwenye koo la kweli, na programu ilikuwa imenipa la uongo badala yake.

*

Saa saba programu yenyewe ilifungua mlango.

"Aliyetajwa anaweza kuridhia kwa sauti yake," ilisema. "Sauti ya Osmund Gama ipo kwenye hifadhi yako. Vipande mia mbili na kumi na viwili. Tafuta ridhaa?"

Nina tabia moja ambayo wanamuziki wangu wote wanaijua na kuilaani. Naanza kurekodi kabla sijawaambia. Mtu akijua mashine inasikia anakaza shingo. Akidhani ni mazoezi anaimba. Kwa hiyo hifadhi yangu imejaa vikohozi, ugomvi, watu wanaagiza chipsi. Nilibonyeza Tafuta. Haikuchukua hata sekunde mbili.

"Haya, nitukane, mama. Niko tayari. Lakini tukana vizuri, kuna wageni."

Alikuwa yeye. Ilikuwa siku tuliyokuwa tunapima maiki, miaka mitatu nyuma, na nyuma yake kulisikika gitaa likikwaruzwa na Vitalina akicheka.

Chumbani Vitalina hakucheka. Aliweka kiganja kwenye hogo lake, akalisugua kwa juu kama vile plasta ilikuwa inauma.

"Ridhaa imepatikana," programu ilisema. "Tumia?"

Kidole changu kilikuwa juu ya neno lenyewe. Kubonyeza tu, na muhuri ungekuja na spika zingefunguka, na saa nne kesho Osmund angetukanwa kama alivyoagiza. Mjane angeridhika. Leseni yangu ingebaki ukutani. Nani angeumia?

"Bonyeza," Vitalina alisema.

"Dada, hii aliisema siku ile, kwa ajili ya siku ile."

"Na leo angesema hivyohivyo."

"Angesema. Ila hakusema."

"Unanifundisha mimi alichotaka Osmund? Mimi? Miaka thelathini na moja nimelala kwenye basi moja na mtu yule, najua hadi anavyokoroma! Ameagiza kwa mdomo wake, na mkewe kashuhudia."

"Basi programu imsikilize mkewe. Nimeuliza, haikubali. Inataka sauti yake tu, na yenyewe inaikata inapopataka, inaipachika inapopataka. Sauti ya marehemu ikikubali kutukanwa leo, kesho itakubali kuuza shamba. Keshokutwa itakuwa sauti ya diwani."

Alijua habari za Yeremia. Alikuja msibani kwetu, aliimba.

"Kwa hiyo uongo wa kwanza umekataliwa kwa sababu ni uongo," alisema, "wa pili umekataliwa kwa sababu ni uongo, na wa tatu hivyohivyo. Padri kweli wewe. Sasa mtu wangu yuko ndani ya boksi ananisubiri. Nipe ukweli basi, kama unao. Usinipe hotuba."

Nilizima kioo. Nilikwenda nikakaa kwenye spika kubwa, nikatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye misumari hedifoni kumi na mbili, za kwaya.

Ndipo nilipoona.

Mwimbaji akivaa hedifoni lazima ajisikie papo hapo. Sauti ikichelewa hata kwa kiasi cha kupepesa jicho anayumba, anaimba kama mlevi. Programu haiwezi kupima maneno bila kuyachelewesha. Kwa hiyo waliotengeneza, hata na ujanja wao wote, waliiacha njia ya hedifoni wazi. Ukiwa kwenye Mazoezi, sauti inatoka kwenye maiki inakwenda sikioni moja kwa moja. Mashine inaisikia na kuishika pembeni, lakini haihukumu. Hukumu inakuja mwishoni, ukibonyeza Funga. Na njia hiyo haina mipaka ya ukuta: kishikwambi kikiwa Songea na maiki Makambako, mpiga gitaa wa huku anapiga na mpiga ngoma wa kule. Tumefanya hivyo mara nyingi.

"Kesho asubuhi utakaa hapohapo," nilimwambia. "Mimi nitakwenda na hizi kumi na mbili."

"Hedifoni kumi na mbili. Wangoni watakaokuja kuzika ni mia tatu."

"Hao kumi na mbili wana midomo."

Alifikiri. Nikaona kona ya mdomo wake inapanda.

"Midomo haina muhuri," alisema.

"Bado."

"Na ukimaliza? Mashine itakuwa imeshika yote. Utafuta?"

"Sijui."

"Usinifiche, Mligo. Mimi si pombe haramu."

*

Niliondoka alfajiri na pikapu. Vitalina nilimwachia hedifoni kichwani, maiki mbele yake, na chupa ya chai.

Paroko alikuwa ameshamaliza sala nilipofika. Jeneza lilikuwa juu ya miti miwili, juu ya shimo, na watu wamesimama mpaka kwenye migomba. Kandida, mjane, mwanamke mfupi mwenye khanga nyeusi, alinifuata mwenyewe kupokea boksi la hedifoni. Nyuma yake akaja mtendaji wa kijiji, kijana wa suti.

"Fundi, hicho kitu kina kibali?"

"Hakina."

Hakutegemea jibu hilo. "Hakina?"

"Hakina, mtendaji. Naitwa Zakaria Mligo, wa Makambako. Andika."

"Mzee, mimi sitaki kuandika, nataka kukusai..."

"Mtendaji," Kandida alisema, "kaa au ondoka. Lakini usisimame mbele ya mume wangu."

Akasogea.

Tuliwapanga kumi na mbili kuzunguka shimo: Kandida, dada wawili wa Osmund, wajomba, na waimbaji wa kwaya ya kigango wakiongozwa na mwalimu wao, mzee Gaudensi Mbano, mtu mwenye tai. Niliwaambia watoe kwa sauti kila wanachosikia, vilevile kilivyo. Nilichomeka maiki moja fimboni ili Vitalina naye awasikie. Nikavaa hedifoni yangu mwenyewe, na kwenye kishikwambi nikachagua Mazoezi. Kioo kikabaki cheupe.

"Dada, tuko tayari."

Sauti yake ilikuja sikioni mwangu kama amesimama begani.

"Osmund Gama, Mngoni mwoga."

Midomo kumi na miwili ikafunguka. Nilisikia mnong'ono, kisha sauti ya mwalimu Gaudensi ikatawala, safi, ya kanisani:

"Osmund Gama, Mngoni mpole!"

"Nani huyo?" Vitalina aliuliza. "Nani huyo anayenirekebisha? Ni mtu au ni kishikwambi?"

Waliovaa hedifoni walimgeukia mwalimu. Mzee wa watu alikuwa anatokwa na jasho shingoni.

"Samahani," alisema kwenye fimbo ya maiki. "Mdomo umezoea."

"Mdomo umezoea! Haya, Mngoni mwenye tai, sema nilivyosema, ama nakuja na mguu mmoja."

Gaudensi Mbano alifungua kola. Akalitazama sanduku la rafiki yake, akapiga kelele ambayo nadhani hajawahi kuipiga tangu ubatizo.

"Osmund Gama, Mngoni MWOGA!"

Nyuma kwenye migomba mtu akacheka. Tena mwingine. Vitalina hakuwapa nafasi.

"Babu yako alitupa ngao, bibi yangu akafunikia maharage!" Wakasema. "Mpaka leo ukoo wenu ukisikia harufu ya maharage unatafuta mlango!" Wakasema. Sasa si kumi na wawili tu. Wa nyuma walikuwa wanaupokea ukuta wa sauti na kuurusha nyuma zaidi. "Ulanzi wetu wa Iringa umekunywesha miaka thelathini na moja, na leo unaondoka bila kurudisha hata kikombe! Masikio kama tandiko la baiskeli! Umelala hapo umetulia, unadhani umekufa. Wewe mvivu tu, umeambiwa uamke ufunge nyuzi za gitaa ukaona bora kaburi!"

Kandida alikuwa amejishika magoti anacheka, machozi yanaingia mdomoni, na bado anatamka kila neno. Mtoto mkubwa wa Osmund alilala chini kabisa. Hata mtendaji nilimwona amegeuza uso, mabega yanatikisika.

Kisha Vitalina akanyamaza. Tulisikia feni ya kabati langu, kilomita mia tatu kutoka hapo.

"Osmund," alisema, na wao wakasema, polepole, wote kumi na wawili. "Nilikuambia utangulie ukanishikie nafasi. Sikukuambia ukimbie."

Hapo hakuna aliyecheka. Vijana walishika kamba. Jeneza likashuka.

Kishikwambi kilitetemeka mkononi mwangu. Mazoezi yamekwisha. Funga au Futa?

Mngejua jinsi neno Futa lilivyokuwa karibu na kidole gumba changu. Ningelibonyeza, nikakunja waya, nikarudi na leseni yangu, na kila mtu angesema fundi amefanya jambo zuri kimyakimya. Lakini aliyemuua Yeremia naye alifanya mambo yake kimyakimya, hakuweka jina. Mimi nilikuwa na jina, na Vitalina alikuwa nalo, na aliyetukanwa alikuwa pale mbele, na familia yake ilikuwa pale. Kama hilo ni kosa, basi Mamlaka walisikilize wakijua ni la nani.

Nilibonyeza Funga.

Kioo kikawa chekundu kuliko nilivyowahi kukiona. "Kauli thelathini na nane zimekataliwa. Ukiendelea, leseni itasitishwa na taarifa itapelekwa Mamlaka. Eleza sababu."

Kulikuwa na kisanduku cha kuandikia. Mimi si mwandishi. Niliandika: Marehemu aliagiza. Sikuiba sauti yake kuthibitisha. Nikaandika majina yangu yote matatu, nikaweka kidole gumba, nikathibitisha.

Kishikwambi kikazima. Makambako, kabatini, mashine nayo ikazima. Nilijua kwa sababu sauti ya feni ilikatika sikioni, na pumzi ya Vitalina ikakatika nayo. Miaka ishirini na sita ya kazi, na kilichobaki mkononi kilikuwa kigae cheusi ambacho ningeweza kukatia nyanya.

Kandida alivua hedifoni.

"Fundi, imekubali?"

"Imekataa, shemeji. Na imefunga kila kitu."

"Na Vitalina?"

"Hatusikii tena."

Akatazama shimoni, kisha akawatazama watu waliosimama mpaka kwenye migomba. Akafunga khanga yake upya kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kutwanga.

"Sisi tumemsikia, inatosha," alisema. "Mwalimu Gaudensi! Walio nyuma hawakupata vizuri. Tuanze tena, kuanzia kwenye mwoga."